Nilivyochonga waridi na yungiyungi kwenye mfaa wa mlango

Mfaa ni mti unaosimama katikati ya mlango wa Kiunguja na kufunika mwanya kati ya mbao mbili. Hufungwa kwenye ubao mmoja tu, ule unaofunguliwa wa pili, maana ukishika mbao zote mbili mlango haufunguki. Ni kipande chembamba, lakini kiko mbele ya uso wa kila anayebisha hodi, kwa hiyo nakshi yake hutazamwa kwa karibu kuliko ya kizingiti cha juu au ya miimo. Huu nimeuchonga kwa maua mawili, waridi na yungiyungi, kwa kufuata mpangilio wa milango ya Mji Mkongwe. Jambo lililoamua karibu kila kitu, kuanzia ukubwa wa ua hadi aina ya mafuta, ni kwamba ua la mbao huonekana kwa kivuli. Penye kivuli safi, ua hutambulika kutoka ng'ambo ya njia. Pasipo kivuli, hata nakshi iliyochongwa kwa mwezi mzima hugeuka mabaka ya kahawia.

Mti niliotumia ni mninga. Msaji una sifa kubwa kwenye milango ya Unguja, na hauozi upesi, lakini una chembechembe kama mchanga ndani yake zinazokula makali ya patasi. Mvule nao hudumu, ila nyuzi zake hupishana: ukanda mmoja unaelekea juu, wa jirani unaelekea chini, na patasi iliyokuwa ikikata vizuri inaanza kung'oa vipande hatua inayofuata. Tena mvule huweza kuficha vijiwe vyeupe ndani, na ncha ya patasi ikikutana navyo inapasuka. Anayechonga mvule inampasa akate kidogo kidogo na mara nyingi akate kwa kukingama na nyuzi. Mninga hukatika laini na hausinyai sana ukikauka, na kwa petali nyembamba sifa hiyo ya pili ndiyo kubwa. Vumbi lake huwasha pua na kifua, kwa hiyo kitambaa au barakoa usoni ni lazima.

Ubao nilioutaka ulikuwa na urefu wa sentimita 210, upana 14 na unene 6. Sehemu nyeupe ya nje ya mti niliiondoa yote, kwa kuwa wadudu watoboao mbao huanzia hapo, huku kiini chekundu wakikiacha. Kitovu cha gogo pia hakifai kuwemo: ubao wenye kitovu hupasuka katikati hata ukikaushwa kwa uangalifu. Kuhusu kukausha, kanuni ya zamani ya mafundi ni mwaka mmoja kivulini kwa kila inchi moja ya unene, mbao zikipangwa na vijiti kati yake ili upepo upite, na ncha zake zikipakwa rangi au nta ili zisikauke haraka kuliko katikati. Ukichonga mbao mbichi, nakshi itapendeza kwa wiki chache, kisha nyufa zitapita katikati ya maua.

Sikupiga msasa kabla ya kuchonga, na hili nalisisitiza. Chembe za msasa hubaki kwenye vinyweleo vya mbao na huua makali. Uso niliusawazisha kwa randa pekee.

Mpangilio ndio uliochukua fikra nyingi. Chini niliacha sentimita 20 bila nakshi, kwa ajili ya maji ya mvua yanayoruka kutoka chini na ncha za viatu, na juu niliacha 10. Zikabaki 180. Upana nao niliugawa: sentimita 2 kila upande ziwe pindo, na 10 za katikati ziwe uwanja wa maua. Wengi hugawa urefu kwa hesabu inayotokea, kisha wanafika mwisho na nusu ua. Mimi nilitaka waridi moja likae katikati kabisa ya uwanja, na ili hilo liwezekane idadi ya mafungu lazima iwe witiri, isiyogawanyika kwa mbili. Kumi ya sentimita 18 yangeweka pengo katikati, kwa hiyo nikachukua 9 ya sentimita 20. Kila fungu lina waridi la kipenyo cha sentimita 9, zikabaki 11 kati ya waridi na waridi, na hapo likaingia chipukizi la yungiyungi la sentimita 9 na nafasi ya 1 juu na chini. Upimaji ulianzia katikati kwenda pande zote mbili, ili tofauti ya milimita moja mbili ifie kwenye ncha ambako jicho haliioni.

Waridi la mlangoni hutokana na bikari, kifaa cha kuchorea duara, kuliko na bustani. La petali 6 ndilo rahisi: nusu kipenyo cha duara huzunguka duara hilo hilo mara 6 kamili bila kubadili bikari. Mimi nilichagua petali 8. Unachora msalaba, unagawa kila pembe mara mbili, unapata mistari minane, kisha kitufe cha katikati cha kipenyo cha sentimita 2. Umbali wa sentimita 3.5 kutoka katikati, kila petali inapata upana wa karibu sentimita 2.7, na ukiacha mfereji wa milimita 2 kati ya petali bado unabaki na mti wa kutosha. Petali 16 kwenye duara hilo hilo zingepata sentimita 1.4 kabla ya kutoa mifereji, na karibu na kitufe zingekuwa vijiti vya kuvunjika. Asiyeridhika na petali 8 akuze duara kwanza, ndipo aongeze petali.

Yungiyungi ni habari nyingine, na hapo mmea wenyewe lazima utazamwe. Yungiyungi la buluu la mabwawa yetu lina sepali 4 za kijani zinazofunika chipukizi. Ukilitazama ubavuni unaona moja nzima mbele na mbili nusu nusu pembeni, ya nne imejificha nyuma. Nilichora hivyo hivyo: sepali pana katikati yenye mshipa uliotuna, mbili za kando zinazoanza nyuma yake, na ncha za petali tatu zikichungulia juu. Petali zake ni za ncha kali. Ukizifanya za mviringo, mtazamaji ataona waridi bovu badala ya yungiyungi. Jani lake nalo ni la duara lenye mkato mmoja unaofika kwenye kikonyo, na mkato huo ndio unaolitambulisha. Majani mawili madogo ya namna hiyo niliyaweka chini ya kila chipukizi.

Mchoro ulihamia kwenye mti kwa njia ya zamani: karatasi iliyotobolewa kwa sindano kufuata mistari, juu yake kitambaa chembamba chenye unga wa mkaa kinachogongwagongwa, kisha vitone vinaunganishwa kwa penseli. Karatasi ya kaboni inafanya kazi pia, lakini mafuta yake huacha alama za buluu zinazoonekana baadaye chini ya mafuta ya mbao.

Katika kuchonga, kosa linalovunja maua mengi ni kusimamisha patasi wima juu ya mstari na kuigonga. Patasi ni kabari, nayo ikizama inasukuma mti pande zote mbili, na upande wa petali ukiwa mwembamba unaruka. Kwanza nilichimba mfereji nje ya mstari, milimita 2 kutoka ukingoni, ili mti wa kutupwa upate pa kukimbilia. Ndipo nikashusha patasi milimita 1 nje ya mstari, ikiwa imelala kidogo kuelekea nje, na milimita hiyo ya mwisho nikaimalizia kwa mkono bila nyundo. Ardhi ya nakshi, yaani uso ulio nyuma ya maua, nilishusha kwa awamu tatu, milimita 3 kila awamu, hadi 9. Kuthibitisha kina kote ni sawa, msumari uliopitishwa kwenye kijiti cha kukingama, ukitokeza milimita 9, unatosha.

Nyuzi za mti hupita wima kwenye mfaa, kwa hiyo petali 8 za ua moja hazina nguvu sawa. Zile za juu na chini zina nyuzi ndefu, na hatari yake ni kupasuka ubavuni. Zile za kulia na kushoto zimekatwa na nyuzi kwa upana wake, na hizo huvunjika shingoni, pale zinapoungana na kitufe. Hizi za pembeni niliziachia shingo pana kwa milimita 2 kuliko za juu na chini, tofauti ambayo macho hayaishiki. Mwelekeo wa patasi pia hubadilika kila robo ya duara. Ukisikia sauti ya kukwaruza na uso unakuwa na manyoya, umeingia kinyume cha nyuzi: geuka, uanze kutoka upande wa pili. Patasi bapa mbili, ya milimita 6 na ya 12, na za mviringo tatu zilitosha, zote zikiwa zimenolewa kwa pembe ya digrii 25 hadi 30 na kupitishwa kwenye ngozi mara kwa mara. Makali yaliyolegea hukufanya ugonge kwa nguvu, na nguvu ndiyo inayovunja.

Sasa kivuli. Njia za Mji Mkongwe ni nyembamba na nyumba ni ndefu, kwa hiyo mwanga hufika mlangoni ukitoka juu. Benchi la fundi kwa kawaida lina dirisha ubavuni, na ua linalochongwa kwa mwanga wa ubavu husomeka tofauti kabisa likisimamishwa. Niliweka taa moja upande wa kichwa cha ubao, chini chini, nikafunga dirisha. Chini ya mwanga huo mambo mawili yalijionyesha. Petali ya waridi iliyotuna kama kitufe hung'aa yote na kupotea, lakini iliyochimbwa ndani kama kijiko, ukingo wake ukibaki juu, hupata mwezi mwembamba wa kivuli chini ya ukingo wa juu, na ua linajitokeza. Sepali ya yungiyungi ni kinyume chake: mgongo uliotuna katikati ndio unaoitokeza. Kwa hiyo waridi nimelichimba na yungiyungi nimelituna, na kupishana kwa maua hayo mawili ndiko kunakoleta mapigo ya nakshi nzima kutoka chini hadi juu. Kina cha milimita 9 ni cha mlango wa nje wenye kivuli. Mlango wa ndani unaopata mwanga wa dirisha ubavuni unatosheka na 5.

Hili la kuchimba na kutuna linasaidia pia kwenye miimo, ambako milango mingi ina mmea unaopanda juu, na watu hutaja mtende. Fundi asichonge kuti la mnazi akaliita mtende. Vijani vya mtende hukunjwa kuelekea juu, kama mfereji, navyo ni vikavu na vimesimama. Vya mnazi hukunjwa kuelekea chini, kama paa la nyumba, na huning'inia. Maana yake kwenye mbao, kijani cha mtende kinachimbwa, cha mnazi kinaachwa na mgongo.

Msasa sikuupitisha kwenye maua hata baada ya kumaliza. Msasa huviringisha kingo, na ukingo ukishaviringika kivuli hakina pa kuanzia. Alama ndogo za patasi kwenye ardhi ya nakshi nimeziacha, zinaifanya iwe nyeusi kidogo kuliko maua.

Vanishi siitumii kwenye nakshi ya nje. Jua na chumvi ya bahari huibambua, na mng'ao wake unafuta vivuli vyote. Mafuta ya linsidi (mbegu za kitani) yaliyochemshwa yanafaa zaidi: mkono wa kwanza nusu kwa nusu na tapentaini ili yazame, miwili inayofuata bila kuchanganya, kila mkono ukikauka kabla ya mwingine. Baada ya dakika 20 kila mkono unafutwa, na ndani ya mifereji kwa brashi kavu, vinginevyo mafuta hugandamana, hunata na kukamata vumbi la njiani. Matambara yaliyofuta mafuta haya yasirundikwe hata saa moja. Yakikunjamana hupata joto yenyewe na huweza kuwaka bila moto wowote, kwa hiyo yatandazwe nje moja moja au yalowekwe kwenye ndoo ya maji.

Mfaa ulifungwa kwa skrubu kutoka nyuma ya ubao wa mlango, matundu kwenye ubao yakiwa mapana kidogo kuliko skrubu ili mti upate nafasi ya kuvimba wakati wa masika na kunywea wakati wa kaskazi. Ncha ya chini, ile inayoelekea kizingiti, ilipata mafuta mara mbili zaidi kabla ya kufungwa, kwa sababu nyuzi zilizokatwa hunywa maji kuliko ubavu wote, na mlango ukishasimama brashi haifiki tena pale. Kila mwaka kabla ya masika mkono mmoja mwembamba wa mafuta unatosha, ukitanguliwa na brashi kavu ya kutoa vumbi na chumvi kwenye mifereji.