Siku 11 na geti katikati

Nimemleta pitbull, yule mbwa mwenye sifa ya ukali, aishi na mbwa wangu mdogo. Kabla hamjauliza: hakuna aliyeng'olewa sikio. Damu ilimwagika mara moja tu, ilikuwa yangu, na aliyeimwaga si pitbull.

Nina mbwa jike wa miaka 9, wa kubebeka kwapani, jina lake Bibi. Nilimchukua mwaka wangu wa pili hapa Marekani, enzi zile ambazo nikishakata simu jioni sisikii sauti ya mtu mpaka kesho yake kazini. Mapema mwaka huu nikaona asizeeke peke yake. Nikaenda kituo cha mbwa waliotelekezwa kumtafutia mwenzake, mdogo, mpole, wa umri wake. Nikatoka na fomu za dume la kilo 27.

Sina utetezi. Wenzake walikuwa wanaruka na kubweka. Yeye alisogea kwenye nondo, akageuka, akaniegemezea ubavu mzima, halafu akajibwaga chini puu. Ndiyo maana nikamwita Gunia.

Mama alimwona kwenye simu ya video kabla sijajiandaa.

"Huyo ndiye yule anayeua watu?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuuliza kitu."

Nilichomjibu ni hiki. Kwanza, jina la pitbull wanapewa wengi. Kuna American Pit Bull Terrier, anayesajiliwa na United Kennel Club, chama cha kusajili mbwa, tangu 1898. Kuna American Staffordshire Terrier, aliyetambuliwa na American Kennel Club, chama kingine cha namna hiyo, mwaka 1936. Halafu kuna lile kundi kubwa la machotara wenye kichwa kipana na kifua cha mbeba mizigo, ambao mtu wa kituoni huwaangalia kwa macho tu na kuandika "pitbull". Kadi ya Gunia ilisema: chotara wa pitbull, miaka 4 hivi, amehasiwa. Katika yote hayo, la uhakika lilikuwa kuhasiwa.

Pili, sikubaliani na wanaosema kila kitu ni malezi. Mababu wa mbwa hawa walizalishwa wapigane na mbwa wenzao, na wapo ambao uvumilivu wao kwa mbwa wengine huisha wakishapevuka, kati ya mwaka 1 na 3. Kwa hiyo nilitaka aliyekwisha kupita umri huo, tabia yake ionekane, na awe dume kwa sababu nyumbani yupo jike. Lakini pia utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2022, wa mbwa zaidi ya 18,000, ulikuta kwamba aina ya mbwa inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Mengine yote inabidi umtazame huyo uliye naye. Na hapana mama, si kweli kwamba wakishauma taya hujifunga; halina kufuli.

Ninyi mnaohamahama kufuata kazi, someni mkataba wa nyumba kwanza. Wenye nyumba wengi huku wanaorodhesha aina za mbwa wasiotakiwa, na kampuni za bima vilevile. Mimi nilidai ruhusa kwa maandishi. Sheria nayo hubadilika ukivuka mpaka: jiji la Denver hapa Marekani waliwapiga marufuku 1989, wapiga kura wakalegeza mwaka 2020 kwa masharti ya kibali. Ontario kule Kanada marufuku ilianza 2005. Uingereza tangu 1991. Nikipata kazi London leo, Gunia haendi.

Kuwakutanisha hatukufanyia nyumbani. Tulifanyia uwanja ambao si wa yeyote kati yao, mimi na Bibi upande huu, mfanyakazi wa kituo na Gunia upande ule, tukatembea kuelekea njia moja na upana wa barabara katikati yetu. Kila baada ya dakika chache tunasogeleana kidogo. Kazi ngumu ilikuwa mkono wangu mwenyewe: ukikaza kamba, mbwa anajua umeogopa, naye anaanza kutafuta cha kuogopa. Bibi alikwenda mkia juu, mgumu kama msumari. Gunia alinusa nyasi muda wote, kwa adabu, kama hajamwona. Tulipofikia kunusana, tukahesabu sekunde tatu tukawaita.

Nyumbani nikafunga geti, lile la kuzuia watoto wasipande ngazi, kati ya sebule na jikoni. Siku 11. Wanaonana, wananusana, hawagusani. Nawabadilishia mablanketi ili kila mmoja alale kwenye harufu ya mwenzake. Midoli yote kabatini. Chakula, vyumba tofauti, mlango umefungwa. (Na asije mtu kuniambia kwamba Gunia ni mhamiaji kama mimi. Mimi nilipofika sikukojoa kwenye zulia la mwenyeji wangu.)

Siku ya 12 nikafungua. Mambo yakawa mazuri, na hapo ndipo nilipoharibu. Wiki moja baadaye nilikuwa napakua chakula wote wawili wakiwa jikoni, kwa uvivu tu, kipande cha nyama kikaanguka. Gunia akageuza kichwa. Bibi akamrukia usoni bila hata kunguruma. Nami nikafanya lile ambalo kila mtu alinikataza: nikatia mkono katikati. Ilinipasa kusukuma kiti kati yao, au niwamwagie maji. Bibi akanipata chini ya kidole gumba. Nilipotazama, Gunia alikuwa ameshajibana pembeni ya jokofu, anapiga miayo na kulamba midomo. Mbwa akipiga miayo wakati kama huo hana usingizi, ameelemewa.

Kwenye kliniki nesi aliuliza nina mbwa gani. Nikataja wote wawili. Kalamu ikaanza kuandika.

"Si huyo," nikasema. "Ni huyu mwingine. Ana kilo 5."

Akaniangalia kama ninayemficha ndugu yangu. Nikaonyesha alama za meno kwenye gumba, vitundu viwili vidogo kama vya stepla, ndipo akakata jina. Taarifa ikaenda idara ya afya, na ingawa chanjo zote zilikuwa sawa, aliyeng'ata hutengwa siku 10 kuangaliwa kichaa cha mbwa. Kwa hiyo Bibi, mwenye nyumba, akatumikia siku 10 ndani kwa amri ya serikali.

Tukarudi kwenye geti, tukaanza upya, polepole zaidi. Sasa ni mwezi wa tano tangu Gunia aje. Wanalala chumba kimoja nikiwepo. Nikienda kazini kila mmoja ana upande wake, na sitabadilisha hilo hata wakipendana vipi.

Mwezi uliopita nililitoa geti nilisafishe. Bibi akapita mara moja kwenda kukagua jikoni. Gunia alifika pale lilipokuwa, akasimama mbele ya uwazi, akakaa chini akisubiri nimfungulie. Nikamwita, akatikisa mkia, hakusogea. Ikabidi nije, ninyanyue mkono hewani kama navuta komeo. Akapita.