Kuku anayeumwa unamsikia kabla hujamuona

Ingia grupu lolote la wafugaji wa kuku WhatsApp leo, picha ya kwanza utakayokutana nayo ni kinyesi. Sitanii. Cha kijani, cha damu, cheupe, na chini yake "wakuu hii ni nini naombeni msaada", halafu kila mtu anataja dawa yake. Kinyesi kinasema mengi, sikatai, hata watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha walikusanya picha za vinyesi mabandani huko Arusha na Kilimanjaro wakaifundisha kompyuta kutambua koksi (ugonjwa wa kuhara damu), salmonela na kideri, kazi yao ikatoka 2022. Ila mafua na bronkaitisi na huo mkoromo wa kila siku vinaanzia kwenye njia ya hewa, na mkoromo haupigwi picha.

Wafugaji wa zamani wanalijua hili. Usiku taa zikishazimwa unaingia bandani taratibu, unasimama tu bila kugusa kitu mpaka wakuzoee, hapo ndo unasikia, kona ile kuna mmoja anafanya krrr krrr, mwingine anapiga chafya, mwingine anavuta hewa mdomo wazi. Mchana husikii kitu maana wanadonoa, wanagombana, wanalia yai. Sasa kuna watafiti wanaosikiliza mifugo kwa maiki na kompyuta ili kugundua ugonjwa, wanachofanya ndo hichohicho, tofauti ni kwamba maiki hailali na wala haisemi leo nimechoka ntaenda kesho.

Walioanza mapema ni watu wa nguruwe. Wataalamu wa Leuven kule Ubelgiji na wenzao wa Milano, Italia, walirekodi kikohozi cha nguruwe wagonjwa, halafu wakawavutisha nguruwe wazima mvuke wa asidi ya sitriki (ile ya kwenye limao) ili nao wakohoe, wakalinganisha. Majibu yalitoka 2008: mzima anakohoa kifupi, wastani kama sekunde 0.43, mgonjwa anavuta kama 0.67 na sauti yake ni nzito zaidi. Sikio langu mimi haliwezi kupima hiyo tofauti hata unilipe, mashine inaiweza, na inahesabu usiku mzima. Siku hizi vipo vifaa vinavyouzwa kabisa vya kuning'iniza juu ya banda, vina taa ya kijani, njano na nyekundu, taa ikibadilika unaenda kuangalia.

Kwenye kuku, utafiti ulionigusa ni wa Uingereza, 2020. Walirekodi mabanda ya broila (kuku wa nyama), kila banda vifaranga kama elfu 25, na hawakuhangaika kumsikiliza kifaranga mmoja mmoja, walisikiliza banda zima. Vifaranga wakiwa wameridhika banda linatoa mchanganyiko wa sauti ndogondogo zisizo na mpangilio, ila wakisikia baridi au wakipotezana wanatoa ule mlio mkali wa kujirudiarudia, piyo piyo piyo, unaokata kelele zingine zote. Kumbe mlio huo siku za mwanzoni tu ulitosha kuashiria banda lipi litapoteza vifaranga wengi na lipi uzito utakuwa mdogo. Ukiwa na bruda (sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto) unajua ninachosema, mkaa ukizima saa nane usiku unaamshwa na kelele hizo hata kama umelala chumba cha pili.

Afrika nako kazi ipo. Wanigeria wa Bowen University waligawa kuku 100 mafungu mawili, fungu moja likatibiwa magonjwa ya hewa, lingine halikutibiwa, wakarekodi yote, na mwaka 2023 wakaziweka sauti hizo wazi mtu yeyote azitumie. Hapo ndo pa kuanzia, maana programu iliyofundishwa kwenye banda la Ulaya lililofungwa kila upande sioni itafanyaje kazi chini ya bati letu mvua ikinyesha, jenereta la jirani linaunguruma na bodaboda zinapita.

Halafu tusidanganyane, mashine inakwambia kuna shida, haikwambii ugonjwa gani. Kuku anakohoa pia kwa amonia (ile hewa yenye harufu kali) ya maranda ya sakafuni yaliyolowa, na kwa vumbi. Mtu anasikia chafya mbili anakimbilia duka la dawa, anamwaga antibayotiki kwenye maji, kumbe alitakiwa afungue mapazia na abadilishe maranda. Inanikera sana hii.

Kwa hiyo nimewaomba wenzangu kwenye grupu, ukituma kinyesi tuma na sauti. Simu yoyote inatosha. Ining'inize usawa wa kuku, mbali na feni, usiku wakishatulia, rekodi dakika tano, umpelekee daktari wa mifugo pamoja na umri wao na chanjo walizopata. Na ukiwa unarekodi naomba unyamaze, niliyotumiwa majuzi nimesikia tu mtu anamuuliza mke wake chumvi iko wapi.