Jumapili ya Sokoine, Azam walipoumaliza msimu wa 2013/14

Hesabu ya ubingwa ilikuwa hivi. Ligi Kuu ya Tanzania Bara msimu ule ilikuwa na timu 14, kila timu mechi 26. Azam FC walishuka Uwanja wa Sokoine, Mbeya, wakiwa na pointi 56 katika mechi 24. Yanga, waliokuwa Arusha jioni hiyohiyo kucheza na JKT Oljoro, walikuwa na 52. Ilikuwa Jumapili, 13 Aprili 2014, nami nilikuwa jukwaani Mbeya katikati ya jezi za zambarau za wenyeji.

Wengi waliokaa karibu nami waliamini Azam wangeridhika na sare. Mimi sikuamini, na sababu ilikuwa tofauti ya magoli. Sare ingewapa 57, na Yanga wakishinda wangefika 55. Siku ya mwisho Azam wakitoa sare nyingine wanaishia 58. Yanga wakishinda, nao 58. Timu zikilingana pointi, kanuni ya wakati ule iliangalia tofauti ya magoli, na hapo Yanga walikuwa juu. Hakuna timu iliyofunga kama wao msimu ule; Ruvu Shooting peke yao walipigwa 7-0 mwezi Februari. Kwa hiyo pointi moja ya Mbeya ilikuwa bado inaacha presha hadi siku ya mwisho. Pointi tatu zilikuwa zinamaliza kazi, maana 59 Yanga wasingezifikia hata wakishinda mechi zote mbili.

Tatizo ni kwamba pointi tatu hizo zilitakiwa zipatikane kwa Mbeya City. Timu hii ya halmashauri ya jiji ilikuwa imepanda daraja msimu uleule, na chini ya kocha Juma Mwambusi ilimaliza mzunguko wa kwanza bila kufungwa: ushindi saba, sare sita, pointi 27. Azam walikuwa na rekodi ileile kabisa, na Yanga walikuwa juu yao kwa pointi moja. Novemba, Mbeya City walikuwa wamekwenda Chamazi, uwanja wa Azam, na kutoka 3-3. Hawakuwa na majina makubwa. Walichokuwa nacho ni pumzi, kasi ya kurudi nyuma mpira ukipotea, na mashabiki waliowafuata kila mkoa. Mji wenyewe upo juu, mita zipatazo 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Aprili ni wakati wa mvua. Timu iliyozoea joto la Dar es Salaam ikifika pale, mbio za dakika 20 za kwanza huilipisha deni kipindi cha pili. Ndiyo maana timu nyingi za Pwani zikienda Nyanda za Juu Kusini hucheza kwa kungoja.

Ili kuelewa kwa nini Azam walifika Mbeya wakiwa mbele kwa pointi nne, lazima kuangalia mzunguko wa pili. Yanga hawakuporomoka, kama wengi wanavyosimulia leo. Mzunguko wa kwanza walivuna pointi 28, na wa pili wakavuna 28 zilezile. Azam ndio waliobadilika: kutoka 27 hadi 35. Mechi 13, ushindi 11, sare mbili. Kocha Stewart Hall aliondoka baada ya mzunguko wa kwanza, akaja Joseph Omog, Mkameruni aliyekuwa ametwaa Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2012 akiwa na AC Léopards ya Kongo-Brazzaville. Sare sita za mzunguko wa kwanza ndizo alizozishughulikia. Sioni sababu nyingine kubwa zaidi ya hiyo katika ubingwa ule. Kutofungwa kulikuwapo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni kuzigeuza sare kuwa ushindi.

Ratiba pia ilisaidia, ingawa kwa njia chungu. Azam walitolewa mapema Kombe la Shirikisho na Ferroviário da Beira ya Msumbiji, wakabaki na ligi peke yake. Yanga walikwenda mbali kidogo katika Ligi ya Mabingwa Afrika, wakaifunga Al Ahly 1-0 Dar es Salaam, wakafungwa 1-0 Misri na kutolewa kwa penalti mwezi Machi. Ilikuwa mechi ya heshima kubwa kwa soka letu, lakini safari za namna hiyo huzaa viporo, yaani mechi za ligi zilizoahirishwa, na viporo huchezwa na miguu iliyochoka.

Halafu kuna mechi za wao kwa wao. Septemba 2013 Azam waliifunga Yanga 3-2, bao la mwisho likiwa la kijana Joseph Kimwaga dakika za lala salama. Machi zikatoka 1-1, tena Azam wakisawazisha mwishoni kupitia Kelvin Friday, kijana mwingine. Pointi nne kati ya sita dhidi ya mpinzani wa ubingwa. Pigo la pili likatua 30 Machi: Azam waliifunga Simba 2-1, na siku hiyohiyo Yanga wakalala 2-1 Mkwakwani, Tanga, mbele ya Mgambo Shooting. Yanga walipoteza mechi mbili tu msimu mzima, ile ya Kimwaga na hii ya Tanga. Katika ligi ambayo mshindani wako hafungwi, mbili ni nyingi.

Nirudi Sokoine. Azam hawakungoja. Dakika chache kabla ya mapumziko, Gaudence Mwaikimba aliandika bao la kwanza, na uwanja ukapoa ghafla. Mwaikimba, mtu mwenye jina la Kinyakyusa, ndiye aliyewanyamazisha watu wa Mbeya. Mzee mmoja mbele yangu alikuwa na redio ndogo iliyokuwa ikifuatilia Arusha, na kila baada ya dakika chache vijana walimwinamia: "Shikamoo mzee, Yanga vipi?" Yeye alijibu kwa vidole bila kugeuka.

Kipindi cha pili Mbeya City walikuja kama walivyozoeleka kuja kwao. Mwagane Yeya akasawazisha. Kelele iliyolipuka pale sijaisikia tena katika uwanja wowote wa mkoani. Na hapo ndipo hesabu niliyoieleza mwanzoni ilipoanza kufanya kazi vichwani mwa wachezaji. Timu yenye 1-1 ugenini, inayoongoza ligi, kawaida hushusha kiungo mmoja zaidi mbele ya mabeki na kuanza kupiga mipira nje. Azam waliendelea kusukuma mashambulizi mbele. Kulikuwa na hatari kubwa ndani yake, kwa sababu bao moja la kushtukiza lingevunja rekodi ya kutofungwa na kuwaacha na 56, huku Yanga wakipumua nyuma yao na 55.

Zikiwa zimebaki dakika chache, John Bocco akafunga la pili. Nahodha, mfungaji bora wa ligi miaka miwili nyuma, mtu aliyekuwa na Azam tangu timu ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2008. Misimu miwili mfululizo, 2011/12 na 2012/13, walimaliza wa pili. Kwanza nyuma ya Simba, kisha nyuma ya Yanga. Bao lile lilistahili kuwa lake. Filimbi ilipolia ubao ulisoma 2-1. Yanga nao walishinda Arusha, lakini walifika 55 tu, na mechi iliyobaki ilikuwa moja.

Tangu Mtibwa Sugar walipotwaa ubingwa mwaka 1999 na 2000, kombe halikuwa limetoka nje ya Simba na Yanga. Watu wa Mbeya, pamoja na kufungwa kwao, waliwapigia makofi mabingwa. Niliona hilo kwa macho yangu na naliandika kwa sababu haki yao wapewe.

Wiki iliyofuata, 19 Aprili, Azam waliifunga JKT Ruvu na kufikisha 62: ushindi 18, sare nane, hawakufungwa hata mara moja, magoli 51 ya kufunga na 15 ya kufungwa. Yanga walitoka 1-1 na Simba, wakaishia 56 na magoli 61, kumi zaidi ya mabingwa. Ashanti United, Rhino Rangers na JKT Oljoro walishuka daraja. Mbeya City, waliopoteza mechi tatu tu msimu mzima, walishika nafasi ya tatu kwa pointi 49. Simba wakawa wa nne na 38, pointi 11 nyuma ya timu iliyokuwa ikicheza Ligi Kuu kwa mara ya kwanza.