Likizo tuliyofungua paki mia mbili

Hii ilikuwa Desemba 2019, nimerudi nyumbani Mbagala kutoka chuo, nikamkuta mdogo wangu wa mwisho hamwangalii mama usoni. Alikuwa ametoka kumaliza mtihani wa form two. Mama alikuwa kampa elfu 30 ya tuisheni ya likizo, mwalimu akapiga simu kuuliza mbona kijana haonekani, hapo ndo ikajulikana hela haipo. Hakuibiwa. Ile hela alimpa jamaa mmoja pale mtaani mwenye kadi ya benki amnunulie paki kwenye gemu ya mpira ya kwenye simu, ikaisha yote siku moja kabla hata jua halijazama.

Kwa asiyejua, paki ni kama kabahasha, unalipia au unatumia koini ulizopata kwa kucheza, unafungua, ndani kuna kadi za wachezaji ila hujui nani yumo mpaka uipasue, na mara nyingi ni watu wa kawaida ambao unao tayari, ila mara mojamoja sana anatoka lejendi, yaani kadi adimu ya mchezaji nguli ambayo kila mtu anaitafuta. Dogo alinunua paki 24 na hakupata lejendi hata mmoja.

Mama alitaka kuivunja ile simu. Nikamwomba, mama niachie huyu wiki mbili tu, maana nilipokaa na dogo usiku ule nikaona tatizo sio tamaa peke yake, mtoto alikuwa na elimu nzima kichwani kuhusu paki na elimu yenyewe ilikuwa ya uongo. "Braza, tatizo nilifungua mchana," ndo alichoniambia, na alikuwa anamaanisha kabisa. Mtaa mzima walikuwa wanaamini usiku kuanzia saa sita ndo lejendi wanatoka. Halafu akaniambia kitu cha pili ambacho kiliniuma zaidi, kwamba kwa vile ameshakosa mara 24 basi sasa yuko karibu, akipata elfu 10 tu hivi anampata. Hayo maneno nilishayasikia kwa watu wazima kwenye mashine za dubwi, zile za kamari za kutumbukiza sarafu, wanasema mashine imeshiba sasa hivi inatapika, na wanaweka mia mbili mia mbili mpaka nauli inaisha.

Nikamwambia basi tupime. Alikuwa na koini nyingi za kucheza tu ambazo hazihitaji hela, zinanunua zilezile paki, tukakubaliana paki 200, mia mchana saa nane, mia usiku saa sita, na kila moja inaandikwa kwenye kaunta buku hapohapo kabla ya kufungua nyingine. Hakuna kusema hii haihesabiki.

Kitu cha kwanza nilimuonesha kilikuwa humohumo ndani ya gemu na hakuwahi kukifungua, kialama kidogo pembeni ya kitufe cha kununua, ukikibonyeza kinakuletea ukurasa wenye asilimia. Lejendi: asilimia 1. Nikamwambia hii namba haikuwekwa kwa huruma. China walitoa sheria ikaanza kazi Mei 2017 kwamba gemu lazima zitangaze asilimia, Desemba mwaka huohuo Apple nao wakaweka sharti kwenye stoo yao mtu aoneshwe kabla hajanunua, na Ubelgiji 2018 wakaenda mbali zaidi, kamisheni yao ya michezo ya kubahatisha ikasema paki za kulipia ni kamari na haziruhusiwi. Dogo akashtuka hapo kwenye kamari, maana nyumbani kwetu hilo neno ni zito.

Akasema sawa, asilimia 1 maana yake kwenye 100 lazima mmoja. Nikatoa kikokotoo, nikamwambia kila paki ina 0.99 ya kukosa, zidisha 0.99 kwa 0.99 mara mia tuone. Inakuja kama 0.37. Yaani watu 100 wakifungua paki mia mia, kama 37 hivi wanaondoka mikono mitupu na hakuna aliyewaibia, ndo hesabu yenyewe ilivyo. Alirudia kubonyeza mwenyewe mara mbili.

Wiki mbili zile nazikumbuka vizuri sana. Mchana tunakaa barazani, tunafungua paki kama saba hivi, yeye anapasua mimi naandika. Usiku ilikuwa tofauti. Taa zimezimwa, mama kalala, tuko kwenye neti moja na feni inalia, saa sita ikigonga dogo anafuta kioo cha simu kwa shati, anavuta pumzi halafu anagusa kwa kidole gumba. Ile bahasha inatetemeka kwanza. Inatoa mwanga, inatulia kidogo, inatetemeka tena, na hapo moyo unakwenda mbio hata mimi ambaye nilishajua matokeo yanakuwa yameshaamuliwa ule mtetemeko ukianza. Halafu anatoka beki wa timu usiyoijua. Dogo anasema "karibu braza, umeona ilivyotetemeka?" Haikuwa karibu. Ni katuni tu, ila nilielewa kwa nini mtoto wa miaka 15 anaona kama alikosa kwa nywele moja.

Tukamaliza 200. Mchana lejendi 1, usiku lejendi 3.

Dogo aliruka kitandani. Kwake kesi imeisha, usiku umeshinda mara tatu. Na mimi sikutaka kumwambia nyamaza mimi nasoma chuo, nilitaka aone. Nikamtolea sarafu ya mia mbili, upande mmoja Karume upande mwingine simba, nikamwambia lejendi wamepatikana wanne, haya fanya kila lejendi ni mrusho mmoja, Karume mchana simba usiku, rusha mara nne uandike, halafu anza upya. Akarusha. Simba watatu Karume mmoja. Tena, Karume watatu simba mmoja. Tena, mbili kwa mbili. Nikamwandikia njia zote ambazo sarafu nne zinaweza kuanguka, ziko 16, na kati ya hizo 8 ni tatu kwa moja upande wowote, 6 tu ndo mbili kwa mbili. Nusu nzima! Sarafu haijui saa, na bado inatoa tatu kwa moja mara nyingi kuliko sare.

Akanyamaza kidogo, halafu akauliza swali zuri kuliko yote: sasa mbona mtaani kote lejendi wanatoka usiku? Nikamuuliza wewe bando unanunua lini. Usiku, ndo rahisi. Na wenzako? Usiku. Basi kama wote mnafungua usiku, lejendi atatoka saa ngapi? Aliniangalia muda mrefu kweli.

Nikalala nikimuacha anarusha, nasikia sarafu inagonga sakafu, kimya, inagonga tena. Asubuhi kaunta buku ilikuwa wazi mezani. Alikuwa amerusha raundi 40 peke yake, tatu kwa moja mara 21. Chini yake kulikuwa na hesabu ambayo sikumpa mimi, 0.99 amezizidisha mara 24, mstari kwa mstari, na jibu kalizungushia duara, 0.7857. Pembeni kaandika "elfu 30 ya mama".

Mama alikuwa jikoni anakaanga maandazi. Dogo akalichukua lile kaunta buku, akalifunga, akalifungua tena kwenye ule ukurasa, akaenda nalo kwa mama.