Vigingi Viwili vya Cheineji 112

Mpima wetu alinipigia simu saa mbili asubuhi, kabla jua la Mombasa halijawa kali, akaniuliza swali ambalo mbunifu wa barabara hapendi kulisikia: "Injinia, hapa cheineji 112 nina vigingi viwili vya ukingo mmoja, na baina yao pana sentimita 36. Nifuate kipi?" Cheineji ni umbali kwa mita kutoka mwanzo wa barabara. Kigingi kimoja kilitoka katika mchoro wa alama za rangi zinazopakwa barabarani, na cha pili katika korido, yaani modeli ya barabara niliyoijenga mwenyewe kwa programu ya usanifu ya Civil 3D. Michoro yote miwili ilikuwa yangu, kwa hiyo sikuwa na wa kumsingizia.

Kipande chenyewe ni kifupi. Leni mbili zinabaki moja, na upana wa lami kutoka mstari wa katikati unapungua kutoka mita 7.0 hadi 3.5, kwa kuwa sisi huendesha kushoto, leni inayokufa ni ya kushoto, ile ya matatu na bodaboda. Urefu wa mpito, yaani kipande ambamo lami inapungua polepole, niliukadiria kwa kanuni ya mwongozo wa Marekani wa alama za barabarani, MUTCD, ambayo kwa mwendo usiozidi kilomita 60 kwa saa huzidisha upana unaopotea kwa kipeo cha pili cha mwendo, kisha hugawanya kwa 155. Kwa kilomita 50 kwa saa nilipata mita 56, nikaweka 60: kuanzia 112 hadi 172.

Kosa halikuwa katika hesabu hiyo. Korido huonekana kwenye skrini kama kitu kimoja kisichokatika, lakini kwa kweli ni mikato, yaani vipande vya barabara iliyokatwa kwa upana, iliyopangwa kwa umbali maalumu na kuunganishwa kwa mistari iliyonyooka, na mimi nilikuwa nimeacha umbali wa mita 25. Kwa hiyo programu ilikata 100, 125, 150 na 175, wala haikuwa na habari kwamba kuna jambo linaanza 112. Ilipofika 125 ikakuta upana ni mita 6.24, ikavuta mstari kutoka 100 moja kwa moja, na leni yangu ikaanza kufa mita 12 kabla ya wakati wake. Upande wa pili, kwenye 172, lami ilizidi kwa sentimita 15. Dawa yake ni tiki moja katika mipangilio ya korido, inayoiamuru programu iongeze mkato kila mahali ambapo mstari wa shabaha, yaani ule ambao ukingo wa leni umeagizwa kuufuata, unabadilika. Wengi hupunguza umbali wa mikato hadi mita 5 wakadhani wamepona, kumbe wameligawanya kosa tu na kuifanya kompyuta iwe nzito.

Nimeutaja mstari wa shabaha, na hapo ndipo msimamo wangu ulipo: upana usiandikwe ndani ya kiunzi cha mkato, yaani umbo la mfano ambalo programu hulirudia katika kila mkato. Nimeona vijana wakitengeneza viunzi vitatu, cha mita 7.0, cha 5.25 na cha 3.5, kisha wakavipanga kama ngazi. Chora ukingo kama mstari sambamba unaotokana na mstari wa katikati, uupe mpito wake, kisha uiagize leni iufuate. Mstari wa katikati ukisogezwa, ukingo nao unasogea. Ukingo uliochorwa kwa mkono kama mstari wa kawaida utabaki ulipoachwa. Hakikisha pia kwamba shabaha inafika mwisho wa eneo, kwa maana ikikatika njiani, leni hurudia upana wa kiunzi papo hapo, na lami inaota jino.

Lakini kilichonikosesha usingizi zaidi ni maji. Kwa mwinamo wa kando, yaani lami inavyoinama kutoka katikati kwenda ukingoni, wa asilimia 2.5, ukingo ulio mita 7.0 kutoka katikati uko chini kwa sentimita 17.5, na ule wa mita 3.5 uko chini kwa sentimita 8.75. Maana yake, ndani ya mita 60 za mpito ukingo unapanda sentimita 8.75 ukilinganishwa na katikati, yaani karibu asilimia 0.15. Mstari wetu wa katikati ulikuwa ukishuka kwa asilimia 0.15 hiyo hiyo, kwa kuwa ardhi ya hapa karibu na bahari ni tambarare. Kupanda kukafuta kushuka, na ukingo wangu ukawa sakafu, mahali pazuri pa dimbwi wakati wa masika. Mikato haikuonyesha lolote, kila mmoja ulikuwa na mwinamo wake sahihi. Niliona tu nilipochora profaili ya ukingo wenyewe, yaani mchoro wa kupanda na kushuka kwake.

Mpima nilimwambia afuate kigingi cha mchoro wa rangi na angoe kile cha korido. Kisha nikaongeza mteremko wa katikati hadi asilimia 0.5 kwenye kipande hicho, nikaweka tundu la kupokea maji kwenye 165, na siku ya pili nikamtumia orodha mpya ya pointi, safari hii ikiwa na 112 na 172 ndani yake.