Wan-o-naini ya Mjomba

Mjomba alikuwa na imani moja kuhusu Land Rover yake: haiozi. Ukibisha, atagonga mlango kwa kidole akuulize, "Kutu iko wapi?" Na kweli huioni. Pick-up ile, wan-o-naini ya Series III (toleo la tatu; 109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), ilikaa miaka chini ya mkorosho nyuma ya nyumba yake Mikindani, upepo wa chumvi unaipiga kutoka baharini, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva, na bodi bado nzima, imepauka tu.

Bodi ya Land Rover ni aluminiamu. Zilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu baada ya vita, wakatumia walichokuwa nacho. Lakini chesisi, fremu ya chini inayobeba gari zima, ni chuma, tena cha boksi, kina uwazi ndani. Matope na maji ya chumvi yakishaingia humo, kutoka ni kazi.

Mwaka 2014 nilikuwa nyumbani likizo. Mjomba alitaka gari liwe barabarani kabla ya msimu wa korosho, kwa hiyo hela ya spea ikawa yangu. Kwetu mjomba akisema, mpwa anaanza na "sawa mjomba", bei anauliza baadaye.

Fundi aliyekuja hakufungua hata boneti. Alitandika gunia mchangani, akaingia uvunguni na nyundo ndogo, akaanza kugonga kutoka mbele kurudi nyuma. Ngo, ngo, ngo. Mjomba amesimama mikono nyuma, anatabasamu. Nyundo ilipopita usawa wa tangi la mafuta ikalia pwa. Akarudia, pwa, vumbi jekundu likammwagikia usoni. Akaomba bisibisi, akaisukuma kwa kiganja tu, bila nyundo, ikazama mpaka kwenye mpini.

"Mzee," akasema akiwa hukohuko chini, "bodi yako imekaa juu ya biskuti."

Mjomba aliingia ndani, akatoka na kikombe cha chai, akakinywa chote amesimama. Halafu akauliza, "Sasa tunaanzia wapi?"

Uzuri wa magari haya, vipande vingi vimefungwa kwa nati. Unafungua, vijana wa mtaani wananyanyua, mnaweka pembeni juu ya matofali. Nati zenyewe ndizo zilizotutesa. Palipokutana chuma na aluminiamu, chumvi ilikuwa imegeuza aluminiamu unga mweupe, ukigusa inamomonyoka. Wakati wa kurudishia, fundi alikata vipande vya tyubu kuukuu ya tairi akaviweka katikati, chuma kisiguse aluminiamu. Ufundi huo haukugharimu hata shilingi, na nadhani ndio uliotufaa kuliko spea zote nilizoagiza Dar.

Chesisi ilipobaki tupu, kabla hajashika grenda, alivuta uzi kutoka pembe ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, kisha akavuta mwingine upande wa pili, akalinganisha. Urefu ukitofautiana, chesisi imepinda, na ukichomelea hivyo gari litakwenda upande maisha yake yote. Akakata palipooza, akatia bati la chuma la milimita tatu, akawa anachomelea kidogo huku, anahamia kule, maana moto ukikaa sehemu moja unavuta chuma. Umeme ukikatika tunakaa kivulini, mjomba anaanza hadithi za kivuko cha Ndundu: namna malori yalivyokuwa yakilala foleni kungoja kuvuka Rufiji, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Hadithi hizo nazijua kwa moyo. Mwisho fundi alimimina oili chafu ndani ya boksi la chesisi, ikae humo izuie kutu.

Ugomvi ulikuja kwenye injini. Fundi alishauri tutoe ile ya petroli ya lita 2.25, tuweke dizeli ya Toyota, kama wengi wanavyofanya. Inakula kidogo, spea ziko kila duka. Mimi nilikuwa upande wa fundi. Mjomba akakataa katakata. Ile kabureta, alisema, anaifungua mwenyewe katikati ya njia ya Newala, usiku, na tochi mdomoni. Nani atamfungulia pampu ya dizeli huko? Hapo sikuwa na jibu.

Kwenye rangi nilikuwa nalo, ila halikusikilizwa. Nilitaka kijani, ile ya zamani. Mjomba alikuwa na kopo la rangi ya bluu iliyobaki kwenye mashua ya jirani, akasema kama inavumilia bahari itavumilia mvua. Ikapakwa kwa brashi. Mpaka leo nasema haifai kwenye gari.

Tuliloafikiana wote ni ngazi ya mke wake. Magoti yalikuwa yanamsumbua, na kupanda wan-o-naini ni kama kupanda dirishani. Fundi alikunja flati baa, yaani chuma bapa, akaifunga kwa bawaba chini ya mlango wa abiria, ikawa inashuka kwa mnyororo na kupandishwa kwa mkono, na juu akachomelea kipande cha bomba cha kushikia. Mke wa mjomba aliijaribu, akaketi, akauliza mbona kiti bado kinanuka kuku.

Mzigo wa kwanza haukuwa korosho. Jirani mwenye rangi alikuja na mabati ya nyumba yake, yapelekwe Mtwara mjini. Alilipa nusu ya nauli. Nusu ya pili, alisema, ni lile kopo.