Cheti cha Mweka na Jembe la Siku ya Tatu

Tunapenda kuambiana "tembea uone", nami sina ugomvi na msemo huo, ila naona tumeubebesha ahadi ambayo wenyewe haukuitoa, kwamba mtu akishatembea na kuona basi amewajua watu wa huko. Ninaishi Moshi, mji ambao kila siku wageni huingia na kutoka wakiwa na mabegi mgongoni, na kadiri ninavyowatazama ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba safari hupunguza haraka ujinga wetu kuhusu mahali, lakini kuhusu watu inaweza hata kuuimarisha. Aliyebaki kwao walau anajua kwamba hajui, ilhali aliyefika kwa siku chache hurudi akiwa shahidi.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, akitokea pwani ya Mombasa, aliuona weupe juu ya mlima wetu, Kilimanjaro, akatambua kwamba ni theluji. Habari zake zilipofika Ulaya, mwanajiografia William Desborough Cooley, aliyekuwa akiandika juu ya bara la Afrika akiwa London, alizikataa, na hakukubali hata baada ya Karl Klaus von der Decken kupanda sehemu ya mlima huo mwaka 1862 na kuthibitisha jambo hilo. Kisa hiki husimuliwa ili kumsifu aliyetembea na kumcheka aliyekaa, na Cooley anastahili kuchekwa. Hata hivyo, katika safari zake Rebmann alisimuliwa pia kwamba Mangi, yaani chifu, Rengua wa Machame alikwisha kutuma watu mlimani wakachunguze weupe ule, na kwamba aliyenusurika alirudi mikono na miguu ikiwa imeharibiwa na baridi. Yaani watu wa Machame walikuwa wameuliza swali hilohilo na kulilipia kwa roho zao kabla mabishano ya London hayajaanza. Dunia iliipokea theluji ya Rebmann, lakini habari za watu wa Rengua, zilizopita katika mikono ileile, wengi hawakuona haja ya kuzikumbuka. Mlima ulijulikana, wenye mlima wakabaki vilevile.

Nadhani hali hiyo haijabadilika sana, na sababu yake ni ya kimpangilio kuliko ya roho mbaya. Katika njia ya Machame mgeni hukaa mlimani siku sita au saba pamoja na wapagazi ambao kwa kawaida ni wengi kuliko wageni wenyewe, na mtu angetarajia kwamba muda huo, katika baridi ile, ungewafanya wajuane. Lakini asubuhi mgeni huondoka kambini taratibu na kiongozi wake, huku wapagazi wakibaki kukunja mahema na kuosha vyombo. Baadaye humpita njiani wakiwa na mizigo vichwani, wakasalimiana kwa maneno mawili, na yeye anapofika kambi inayofuata hukuta hema limekwisha kusimama na maji ya moto yako kwenye beseni. Yeye hula katika hema la kulia, wao hula ugali katika hema la jikoni. Anayeongea naye kwa kirefu ni kiongozi, ambaye amekwisha kuyajibu maswali yaleyale mara nyingi mno na anajua majibu yanayopendeza. Mwishoni, langoni Mweka, mgeni hukabidhiwa cheti cha kufika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Cheti hicho kinasema kweli kuhusu miguu na mapafu yake. Shida ni cheti cha pili ambacho hujiandikia mwenyewe ndani ya ndege, kwamba watu wa Kilimanjaro hawana kitu lakini wana furaha, wakati hakuwahi kumuuliza aliyembebea begi anasoma chuo gani au kahawa ya baba yake iliuzwaje msimu uliopita.

Simlaumu peke yake. Sisi wenyewe tunapojaza gari kutoka Arusha kwenda Mang'ola kuwatazama Wahadzabe wakirusha mishale, kisha tukarudi jioni tukiwa wataalamu wa Wahadzabe, tunafanya jambo lilelile, ila hatupewi cheti.

Kuna safari ya namna nyingine ambayo nchi hii iliizoea, ya kupangiwa kituo. Vijana walipelekwa kambi za Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, na watumishi wakapelekwa mikoa ambayo hawakuichagua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na ingawa wengi huutumia usemi huo kumfukuza mgeni mvivu, mimi naona unaeleza vizuri saa ambayo mgeni huanza kufahamu alipo, kwa kuwa mwenye jembe mkononi hukosolewa, na asiyekosolewa hafundishwi.

Namfahamu mwalimu mstaafu, mama wa Kimwera kutoka Nachingwea, aliyepangiwa Kibosho, kwa Wachaga, katika miaka ya 1980. Alikotoka mtoto alihesabiwa upande wa mama. Huku akakuta kihamba, yaani shamba la ukoo, kinapita kutoka kwa baba kwenda kwa wanawe, na makaburi ya mababu yako humohumo migombani. Alikata majani ya ng'ombe na wenzake na kuyapandisha kichwani. Ilimchukua muda mrefu kuelewa kwamba isale, mmea aliodhani ni wa uzio tu, huonyesha mpaka, na kwamba jani lake likipelekwa kwa uliyemkosea hubeba ombi la msamaha. Msongamano wa magari ya Wachaga wanaorudi nyumbani Desemba, ambao watu wa mbali huuona kuwa maonyesho ya utajiri, yeye anauona kuwa msimu wa vikao vya ukoo, ambako urithi hugombaniwa na mabinti husikilizwa kidogo kuliko anavyopenda.

Jambo linalonivutia ni namna anavyozungumza anaporudi kwao. Ndugu zake humuuliza Wachaga wakoje, wakitegemea sentensi moja, hasa ile ya kupenda pesa, naye huwarudishia swali: Mchaga yupi, wa Rombo au wa Machame, ambao wakiongea kila mmoja cha kwao huelewana kwa taabu? Ndugu humwona kuwa ameanza kuwatetea Wachaga.